Wahindi Wamenichosha

Wallahi sikumtaja Vinubhai, mzee wangu Mhindu anayekaa Lozells. Nilikuwa nimechelewa kazini, na wageni wa ule ukumbi wa harusi hapa Stechford walikuwa wameegesha magari mbele ya geti langu mara ya tatu wiki hiyo. Nikashika simu, nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la akina mama wa Isiolo tulioko Birmingham: "Hawa Wahindi wamenichosha! Wahindi hawana adabu hata chembe!" Wenyewe ni Wapakistani, Waislamu kama mimi, na wengine tunaswali nao Ijumaa. Lakini kwetu Isiolo, Mpakistani ni nani kama si Mhindi?

Binti yangu Sadiyo yumo kwenye kundi lile. Amezaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia nusunusu na hujibu kwa Kizungu. Yeye akasikia Wahindu. Akaona ni kichekesho, mama kachemka, akawatumia rafiki zake sauti yangu pamoja na tafsiri yake: mama amechoshwa na watu wa dini ya Kihindu. Herufi moja tu, jamani! Na wiki yenyewe ndiyo ile vijana wa dini zetu mbili walikuwa wakitukanana kwenye simu kutwa. Kufikia saa nne asubuhi ujumbe ulikuwa umemfikia mke wa mwanawe Vinubhai.

"Sadiyo, umenimaliza," nilimwambia. Alikuwa analia tayari, hata sikuweza kumgombeza vizuri.

Kazini sikwenda tena, nikampigia Vinubhai. Hashiki. Nikapiga mara ya tano, ya sita, nikizunguka jikoni na viatu. Mniambie, ningefanya nini? Huyu ndiye mtu pekee katika mji huu aliyemjua vizuri marehemu baba yangu, Gedi. Duka la wazazi wake na bucha ya baba vilikuwa jirani kule Isiolo. Mwezi wa Ramadhani mama yake alituletea bajia za kufuturu, amezikaanga bila kuonja, ati sisi tumefunga, yeye ataonjaje? Siku zao kubwa baba alifunga bucha ili harufu ya nyama isiwafikie. Hakuna aliyemwamuru mwenzake. Sasa mzee akinifungia mlango, habari za baba nitamuuliza nani?

Nikapanda treni, nikapanda basi, nikashuka kituo kimoja kabla kwa sababu kukaa kulinishinda. Nikafika natweta.

Alifungua mwenyewe. "Ingia, Mulki."

Nikaanza palepale mlangoni. "Vinubhai, wallahi sikusema Wahindu! Nilisema..."

"Ulisema Wahindi. Nimeusikiliza. Kiswahili nilikijua wewe hujazaliwa. Tangu asubuhi namweleza mke wa mwanangu kwamba hukutukana dini ya mtu."

Alhamdulillahi! Nikacheka kwa sauti, nikajitupa kwenye kochi. Yeye hakucheka.

"Na mimi, Mulki, si Mhindi?"

Nikakaa wima.

"Aa, wewe... wewe ni wetu bwana!"

"Baba yako pia alikuwa akisema hivyo. Nina miaka sita, nachungulia buchani: 'We Mhindi mdogo, njoo.' Nikaoa: 'Mhindi wangu kaoa.' Siku tunahama alitusindikiza mpaka Nanyuki, analia mbele za watu: 'Mhindi wangu anakwenda.'"

"Alikupenda!" Nilisimama. Hasira zilikuwa zimenipanda, na sijui zilikuwa za nani. "Usimseme baba yangu! Alikupenda kama mdogo wake wa tumbo moja!"

"Najua alinipenda. Na mimi nilimpenda. Ndiyo maana sikumwambia aniite kwa jina langu."

Nikaenda dirishani, nikarudi. Nilitaka kuondoka na nilitaka kubaki. Niliona aibu, nasema kweli, aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka kumi na moja naingia nyumba hii, nakula chakula chake, namdai hadithi za baba yangu kama mtoto anayedai peremende. Sikuwahi kumuuliza lake hata moja.

"'Bhai' ni ndugu, hilo najua. Na Vinu ni kifupi cha jina gani?" nikamuuliza.

Alinitazama kwanza, akiona kama natania.

"Vinodchandra."

Nikajaribu, nikakosea. Akalitamka tena, polepole, nami nikakosea tena.