Matenga ya Mzee Saturnini

Simu iliita Lusiana akiwa bondeni anamwagilia. Hajra hakusalimia.

"Mama Prisila, leo umenitumia uji."

"Uji gani tena, dada Hajra?"

"Nyanya zako. Za juu zinang'aa, ukifika katikati ya tenga unaanza kuona maji, chini ni nzi tu. Wateja wananiona mimi ndiye tapeli. Kama una nyanya mbovu walishe kuku huko huko Mnero, usinifichie chini."

Lusiana alifungua mdomo kujitetea, lakini simu ilikuwa imeshakatwa. Alibaki ameshika ndoo, maji yakimvujia miguuni. Nyanya zile alizichuma mwenyewe, akazichambua mwenyewe. Mbovu alikuwa amezitupa.

Tangu mumewe Dastani alipofariki, bonde lile ndilo lililowalisha yeye, binti yake Prisila na baba mkwe wake, mzee Saturnini. Zamani waliuza Nachingwea mjini, mzigo ukitoka shambani asubuhi unafika jua halijachoma. Mwaka huu ndipo alipompata Hajra, mwenye meza sokoni Ruangwa, mwanamke wa kuchukua mzigo mkubwa bila maneno mengi. Kumpoteza mteja kama huyo ilikuwa sawa na kupoteza msimu.

Alimshuku dereva. Ramadhan alikuwa na lori la mizigo mchanganyiko, na barabarani alisifika kwa haraka zake. Basi safari iliyofuata Lusiana alimwomba ampakie pamoja na mzigo.

"Mbele kuna nafasi, mama, kaa mbele," Ramadhan alimwambia.

"Nataka kukaa na nyanya zangu."

Ramadhan alicheka, akamsaidia kupanda nyuma.

Matenga yalikuwa marefu, yamefika kifuani mwa mtu, yamejazwa lumbesa hadi nyanya zimepanda juu ya mdomo, kisha yakafunikwa majani na kushonwa kwa kamba. Wapakiaji waliyapanga, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, juu ya matenga wakaweka matenga mengine. Lusiana alijibanza pembeni, ameshika turubai.

Ramadhan hakukimbia siku ile. Labda kwa sababu alijua anatazamwa, labda alisingiziwa tangu mwanzo. Aliyapita mashimo taratibu kama mtu anayevuka mto. Hata hivyo, kila gari lilipoyumba, Lusiana aliona tenga la chini likitanuka tumbo kidogo kisha likirudi, likitanuka na kurudi. Walipofika karibu na Ruangwa mbao za lori zilikuwa zimelowa, na tone jekundu lilimwangukia kwenye kidole cha mguu.

Hajra alimpokea kwa uso mkavu. Lusiana naye hakutaka maneno. Alikata kamba za tenga moja, akatandika gunia chini, akamwambia, "Tumwage wote wawili, uone ninachokificha."

Wakatoa nyanya kwa mikono. Za juu zilikuwa kama zilivyochumwa. Za katikati zilikuwa na michirizi, kila mchirizi upana wa ufito wa mwanzi. Za chini zilikuwa zimepondana zikawa kitu kimoja. Hajra aliokota moja iliyobanwa ukutani mwa tenga, akaigeuza, akaitazama kwa muda.

"Hii haikuwa mbovu," alisema. "Hii imekatwa."

"Ndiyo."

"Nilikusema vibaya, mama Prisila."

"Na mimi nilimdhania vibaya Ramadhan. Tuendelee."

Meza ya jirani walikuwa wakishusha nyanya kutoka kwa mkulima mwingine. Zilikuja kwenye masanduku mafupi ya mbao, yamepangwa moja juu ya jingine mpaka juu, na hakuna aliyeyahurumia. Lusiana aliomba kunyanyua moja. Akaweka kiganja juu ya nyanya: kati ya nyanya na ukingo wa sanduku kulikuwa na nafasi ya kidole. Sanduku la juu lilikuwa limekaa juu ya mbao za sanduku la chini. Kwenye tenga lake, mzigo wote ulikaa juu ya nyanya, na nyanya ya mwisho ilizibeba zote.

Alielewa pale pale, na furaha haikuja. Matenga yale yalisukwa na mzee Saturnini.

Aliporudi Mnero alimkuta mzee uani anapasua mianzi. Akaleta maji, akauliza habari za mgongo, akafagia mahali palipokuwa pasafi.

"Sema, mwanangu," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Umekuja na neno, unalizunguka tu."

Akamwambia. Alimweleza michirizi, tumbo la tenga linavyotanuka, masanduku ya jirani. Alijitahidi kusema "mzigo" na "barabara" mara nyingi kuliko "tenga". Mzee aliacha kupasua.

"Matenga yangu yameharibu nyanya zako."

"Si matenga, baba. Ni urefu wa safari. Nachingwea hayakuharibu kitu."

"Dastani alipokuwa kitandani nilimwambia, mkeo atalima, vyombo niachie mimi. Sijakukosesha tenga hata siku moja."

"Hujanikosesha, baba."

Aliweka panga chini, akaingia ndani. Siku zilizofuata alikula alichopewa na kujibu alichoulizwa, lakini mianzi ilikauka uani bila kuguswa. Prisila alimuuliza mama yake kama babu anaumwa. Lusiana aliona ni vibaya kumlazimisha mzee, na ni vibaya zaidi kuagiza masanduku kwa seremala kimyakimya, kama mume anayemletea mkewe mke mwenza bila kumwambia.

Mwishowe alimwambia, "Baba, kesho twende wote Ruangwa. Ukaone kwa macho yako. Ukisema tuendelee na matenga, tutaendelea."

Alikuwa tayari kulitimiza hilo, na lilimwogopesha.

Mzee alivaa koti la kanisani. Sokoni hakusalimiana na watu wengi. Alivua koti, akainama juu ya tenga alilolisuka mwenyewe, nyanya za juu zikiwa zimeshatolewa, akazamisha mkono hadi begani, akatoa kilichokuwa chini. Maji mekundu yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Hajra alimletea kitambaa kwa mikono miwili, akampigia goti kidogo, "Pole, babu." Mzee alijifuta kidole kimoja kimoja. Kisha akaenda kwenye masanduku ya jirani, akapapasa ndani.

"Hizi mbao hazijapigwa randa," alisema. "Nazo zitakwaruza."

"Kwa hiyo, baba?"

"Kwa hiyo huyo seremala nitaongea naye mimi."

Akaongea naye kweli, huko Nachingwea, mpaka seremala akachoka. Alitaka randa ndani kama nje, pembe zisitokeze misumari, mianya ya hewa isiwe mipana. Masanduku yalikuja na usumbufu wake. Hayakupokea lumbesa, kwa hiyo safari zikawa nyingi. Ilibidi yarudi yakiwa matupu, na Ramadhan hakupenda kubeba hewa, mpaka Hajra alipoanza kuyapakia ndimu za wateja wake wa Nachingwea wakati wa kurudi. Mawili yalipotea njiani, hakuna aliyejua yaliishia kwa nani. Lakini nyanya zilifika nzima, na Hajra akipiga simu alianza na salamu, halafu habari za watoto, na mara nyingine alisahau kabisa kutaja nyanya.

Jioni moja Lusiana alirudi kutoka bondeni akamkuta mzee ameketi uani, fito zimelala mapajani, vidole vinaenda. Kilichokuwa kinatokea kilikuwa kipana na kifupi, hakikuwa tenga wala ungo.

"Unasuka nini, baba?"

"Sijui bado," alisema. "Mikono ilikuwa inawasha."

Lusiana alivuta kigoda akakaa, akachukua ufito mmoja, akaanza kuukwangua vibanzi.