Rangi Juu ya Kifuniko

Ketill, mdogo wangu, ana ugonjwa wa brashi. Kila mwaka Sikukuu ya Mabaharia na shindano lake la boti maridadi vikikaribia, anaipaka boti yetu rangi mpaka bandari nzima inamcheka.

Mwaka jana tulinunua kifaa cha kuita msaada baharini. Yeye alitaka kile cha kushika mkononi, akiweke kwenye droo kisiliwe na chumvi.

"Boti ikipinduka ghafla, utaiomba bahari ikusubiri ufungue droo?" nilimuuliza.

"Dada, mimi nimezaliwa baharini."

"Ulizaliwa jikoni kwa mama. Nilikuwepo."

Nikachagua cha kufungwa juu ya paa la chumba cha usukani. Boti ikizama, kifuniko kinafyatuka, kifaa kinaelea chenyewe na kuita setilaiti. Kwa hilo sikutaka mjadala.

Asubuhi ya sikukuu nikaikuta boti inameta, nyeupe tupu. Na kifaa nacho kimepakwa! Rangi ilikuwa imekauka, imekigandisha kifuniko kwenye kitako chake kama uji uliosahauliwa sufuriani. Damu ikanichemka. Nikachomoa kisu cha samaki, nikapanda paani, nikaanza kukwangua mbele ya watu wote.

"We dada, una wazimu? Majaji wanakuja!"

"Waje. Waone mtu anayetaka kufa akiwa nadhifu."

Sikushuka mpaka kifuniko kikaachia. Zawadi ya boti maridadi ikaenda kwa jirani, na Ketill akaninunia. Hata kahawa akawa anakwenda kunywa kwingine.

Wiki chache baadaye alitoka kuvua peke yake. Nilikuwa mezani napaka siagi kwenye samaki mkavu, kama tulavyo huku kwetu kwenye baridi, simu ikalia. Walinzi wa pwani.

"Kifaa cha boti yenu kinaita. Bahari imetulia kabisa huko. Inawezekana kimewaka kwa bahati mbaya?"

Nikainuka. "Nimekifunga mwenyewe na kukikwangua mwenyewe. Kile hakitoki mpaka boti iende chini. Mdogo wangu yuko huko. Rusheni helikopta!"

Wakairusha. Nyangumi alikuwa ameibuka chini ya boti na kuipindua. Walimkuta Ketill amekikumbatia kifaa, miguu imekufa ganzi kwa baridi ya maji, na boti haionekani.

Hospitalini alikuwa amefunikwa mablanketi, meno yakigongana.

"Dada," akasema, "uliacha mabaka pale paani. Mabaya kweli."

Nikamkumbatia nikalia, wala sikuona aibu.

Mwaka huu tuna boti nyingine. Ameipaka nyeupe kuliko ile ya kwanza, lakini juu ya paa, kuzunguka kifaa, ameacha duara pana lisilo na rangi. Majaji walipopita wakamuuliza mbona hakumaliza kazi.

"Pale ni pa dada yangu," akawajibu.

Zawadi ikaenda tena kwa jirani, naye Ketill akaja kunywa kahawa kwangu.