Upepo Haukazi Nati

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Atuganile alijidunga wa kwake asubuhi kweupe, kwa spana ya mumewe.

Tuanzie kwenye kikohozi. Mzee Ambindwile, baba wa mumewe Lugano, alikuwa mtu wa zamani, na kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawaonani ana kwa ana. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani, na jina la mzee mkamwana halitamki hata akiota. Vijana wa Tukuyu mjini wameshaachana na mambo hayo. Wanakula meza moja na wakwe zao na kuwaomba chumvi. Lakini Atuganile alilelewa na mama mkali huku Ikuti, na mzee naye alikuwa hodari wa adabu. Kila alipokuja kwa mwanawe alikohoa akiwa bado kwenye migomba, ili mkamwana apate nafasi ya kutokea mlango wa nyuma.

Zamani alikuja mara mojamoja. Tangu mkewe azikwe, alikuja kila jioni, saa ileile ya mieleka. Mzee wa kanisa mzima, mpole wa kupigiwa mfano, akiona mtu kanyanyuliwa na kubwagwa alipiga kelele za furaha hadi kuku wakakimbia. Basi saa hiyo ya mieleka ndiyo ilikuwa saa ya tamthilia ya Atuganile. Lugano alikuwa zamu ya mchana kwenye kiwanda cha chai, hakuwa na habari. Kikohozi kikisikika, Atuganile alimfunga mwanawe Ikupa mgongoni, akaenda jikoni nje kula moshi, mvua ikipiga bati, na ndani ya nyumba yake mwenyewe wanaume wakibwagana.

Akavumilia. Kisha ikafika jioni ambayo binti wa kwenye tamthilia alikuwa anakwenda kukutana na mama yake mzazi, baada ya kutafutana weee. Mkono wa binti ukiwa kwenye kitasa cha mlango, migomba ikakohoa.

Kesho yake Lugano alipokwenda shambani, Atuganile alichukua spana chini ya kitanda, akapanda kigoda, akalegeza nati ya dishi pale ukutani, akalisukuma kidogo kuelekea mlimani. Kisha akaikaza tena nati sawasawa, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Nia yake ilikuwa ndogo tu: mzee akute hakuna picha, achoke, arudi kwake, naye baadaye alirudishe dishi mahali pake. Kumbe kuharibu si kazi, kazi ni kutengeneza. Alipojaribu kulirudisha alilizungusha huku na huku, akikimbia ndani kutazama na kutoka tena, akalowa chapachapa, na skrini ikaendelea kuandika kwamba hakuna mawimbi. Akakosa na tamthilia yake.

Hilo angelimeza. Kilichomkaba ni kilichofuata. Mzee alikuja jioni, akakohoa, akaingia. Kutoka jikoni Atuganile alimsikia akibonyeza rimoti, akitulia, akibonyeza tena. Hakuondoka. Alikaa palepale hadi Lugano aliporudi giza likiingia.

"Mwanangu," alisema, "nimekuharibia televisheni. Nimebonyeza kitu kwenye hii lemoti yako. Nisamehe."

"Baba, si nilikwambia kitufe chekundu tu?" Lugano hakufoka, ila alitumia ile sauti ya kumwambia mtoto. "Haya, basi. Usiiguse tena. Nitamwita fundi Wilson."

Atuganile alikuwa na mwiko mkononi na ukweli mdomoni. Aliona aibu, akaona hofu, akaumeza. Mzee wa watu akaenda zake kwenye mvua na kosa lisilo lake, na tangu siku hiyo hakuja tena. Wilson, fundi wa mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu, akasema kazi zimembana, wamsubiri wiki ijayo.

Sasa sebule ikawa yake yote, na hakuweza kukaa ndani yake. Kila alipokitazama kiti cha mzee roho ilimuuma. Alijua kule juu mtu amekaa peke yake kwenye nyumba yenye kitanda kimoja kitupu, akijilaumu kwa vidole vyake. Aliandaa maneno ya kumwambia Lugano, na kila Lugano alipoingia, maneno yalikimbia.

Alhamisi jioni migomba ikakohoa. Atuganile akaruka, Ikupa mgongoni, atokee nyuma, lakini hatua hazikuja mlangoni. Zilizunguka nyumba, zikasimama chini ya dishi. Akasikia kigoda kikiburutwa na chuma kikigusa chuma.

"Gwe Ikupa," mzee akaita kutoka nje ya ukuta, "mwambie mama awashe televisheni, aniambie ikishika."

Ikupa alikuwa na miezi saba na usingizi mzito. Lakini kati ya wawili wasiosemeshana mtoto ni mjumbe hata akiwa amelala, kwa hiyo Atuganile akawasha, akageuza uso kuelekea mgongoni kwake.

"Ikupa, mwambie babu imewaka, bado haijashika."

"Na hapa?"

"Mwambie babu bado."

Spana ikagonga nati. Kisha mzee akasema taratibu, si kwa Ikupa tena, labda kwa migomba: "Nati hii imekazwa. Upepo unageuza dishi, sawa. Lakini upepo haukazi nati."

Ukuta wa matofali ulikuwa katikati yao, na bado Atuganile aliona kama mzee anamtazama usoni. Alitamani akemewe. Alitamani asikie hata neno moja kali, apate kulia vizuri. Alichosikia ni spana ikilegeza, na dishi likilia likigeuzwa, kidogo, kidogo tena.

Skrini ikatoa vipande, vikagandana, vikaachia. Picha ikaja safi kabisa, na sauti juu. Alikuwa binti wa tamthilia, yuko mikononi mwa mama yake, wote wawili wanalia.

"Mwambie babu imeshika," Atuganile alisema.

"Ndaga," mzee akashukuru. Akakaza nati. "Basi mwambie mama aangalie igizo lake. Kila nikiwasha naikuta kwenye chaneli hiyo, na mimi mzee mzima sikujiuliza ni ya nani. Mwambie macho ya babu yameanza kuuma. Atakuwa anakaa kwake."

Hatua zikaondoka. Atuganile akakimbilia mlangoni, akauona mgongo wa koti lililolowa ukiingia kwenye migomba, akainamisha macho upesi kama alivyofundishwa. Alitaka kumwita, lakini amwite nani? Jina lake ni mwiko. Na msamaha mzito namna ile utapitaje kwa mtoto asiyejua hata kusema mama? Katika maneno yote ya duniani alikuwa na yaleyale machache ya jioni hii.

"Ikupa!" akapaza sauti hadi mtoto akashtuka na kulia. "Mwambie babu arudi! Mwambie picha imepotea!"

Nyuma yake binti na mama yake walikuwa wanalia kwa sauti ambayo hata aliye barabarani angeisikia.

Hatua zikasimama. Kisha migomba ikakohoa.

Atuganile akabadili chaneli, wanaume wakaanza kubwagana. Akakivuta kiti mahali pake, akakifuta kwa upindo wa kanga, akatoka nyuma hadi jikoni. Akamsikia mzee akiingia na kusimama mbele ya televisheni inayong'aa. Ule uongo wa Atuganile ulikuwa umewashwa mbele ya macho ya mzee, wazi, na hakuwa na njia nyingine ya kuungama.

"Ikupa," mzee hatimaye akaita kupitia mlango wa nyuma, kwa sauti iliyolegea kidogo. "Mwambie mama ni kweli, imepotea. Babu atakaa hapa aingoje irudi."

Kiti kikalia chini yake, na jikoni Atuganile akajifunika uso kwa kanga.