Moshi Uliopiga Hodi

Jumanne saa nne asubuhi Bahiya alikuwa uani kwake Tandika, akidondosha kaimati kwenye mafuta ya moto, pale sauti ilipopiga hodi mlango wa mbele. Mikono ilikuwa imejaa unga. Hakugeuka.

"Karibu," akaitikia, kama anavyoitikia kila mtu mtaani. "Pita ndani."

Ukapita moshi.

Uliinama chini ya pazia kwa adabu, ukaketi kwenye kochi la watu watatu, ukalijaza. Haukunuka mkaa. Ulinuka mafuta ya ndege na baridi ya nchi za mbali. Bahiya alikuwa ameacha mkaa miezi minane nyuma, tangu watu wa mradi wa kupunguza moshi walipompa jiko la umeme na yeye akatia saini mkataba wao. Alilitaka kwa ajili ya bintiye Widad, wa miaka sita, mwenye pumu.

Alifungua madirisha yote. Moshi ukabaki. Alichoma udi. Moshi ukausogelea, ukaunusa, ukarudi kuketi.

"Hautoki huo," Mama Jesca, jirani yake, alisema akichungulia juu ya ukuta. "Umeukaribisha kwa mdomo wako. Kwangu ulipiga hodi nikanyamaza, ukapita zake."

"Ulijuaje kunyamaza?"

"Nilidhani wifi yangu."

Siku ya tatu moshi ulikuwa umenenepa. Uliliacha kochi, ukahamia kitandani kwa Widad, uso kwa uso naye. Kila mtoto alipovuta pumzi ndogo, wenyewe ulivuta kubwa.

"Mama, huyu anaondoka lini?" Widad aliuliza. Bahiya alitikisa kopo la dawa yake ya pumu. Lilikuwa jepesi.

Ijumaa alimpeleka Tegeta kwa dada yake Ibtisam. Aliporudi, moshi haukuwepo, nyumba haina hata harufu yake. Akapiga simu.

"Dada, mtu akipiga hodi hapo usiitike. Unanisikia? Usiitike!"

"Mbona mgeni wako keshafika?" Ibtisam alisema. "Kasema kamfuata Widad. Nimemkaribisha, yupo ndani naye."

Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa akikohoa.

Jioni ileile Bahiya alimrudisha mwanawe. Moshi ulitangulia kufika.

Jumatatu akaja Lusungu, ofisa wa mradi, na kishkwambi chake. Alisalimu, akavuta kiti mbali kidogo na moshi, maana nyumba kumi na moja alizozipita asubuhi hiyo zilikuwa nao pia. Akaeleza taratibu. Moshi ambao Bahiya aliacha kuutoa ulikuwa umehesabiwa na kuuzwa kwa kampuni moja ya ng'ambo, na sasa kampuni inautoa yenyewe, kwa nafasi aliyoiacha yeye. Uchumi wao unakua kwa kasi.

"Ulitakiwa ubaki hukohuko angani, dada. Ila umejua kwake ni hapa."

"Basi uondoe."

"Huo hauna kosa. Una karatasi zake zote." Aliusogeza mbele ya Bahiya uso wa kishkwambi. "Ishu ni wewe. Picha za kutoka juu zinaonyesha moshi kwenye bati lako, na mkataba unasema nyumba hii haina moshi. Wanunuzi wamekasirika. Uombe radhi kwa barua, la sivyo nichukue jiko. Barua nimeshakuandikia, wewe tia saini tu."

Chumbani Widad alikohoa, kisha akanyamaza muda mrefu kuliko kawaida. Wote wakasubiri, hata moshi. Akakohoa tena.

Bahiya aliinuka. Alichomoa jiko ukutani, akauzungusha waya, akampakatisha Lusungu likiwa bado vuguvugu.

"Dada, si neno moja tu? Sema samahani, yaishe."

"Hayaishi hayo," Bahiya alisema. "Kawaambie Bahiya wa Tandika amekataa. Siombi radhi."