Mrija Ubavuni mwa Boazi

Boazi, mkulima wa kahawa wa Hasamba, alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa na matundu madogo tumboni na mrija mmoja ubavuni. Uvimbe uliokuwa kwenye mkia wa kongosho lake ulikuwa umeondolewa kwa roboti. Daktari Jenista, bingwa aliyemfanyia upasuaji, alikaa pembeni ya chumba akitazama kwenye skrini. Kila alichokifanya kwa vidole vyake, mikono myembamba ya chuma ilikifanya ndani ya tumbo.

Mrija ulianzia pale palipokatwa, ukaishia kwenye mfuko mdogo wa plastiki. Daktari aliagiza usiguswe mpaka yeye mwenyewe atakaposema. Kwa hiyo Boazi na mkewe Atuganile hawakupanda moja kwa moja Hasamba. Walifikia Tunduma, kwa Hezron, mdogo wake Boazi, ambako hospitali ilikuwa karibu.

Hezron aliyakagua matundu na kutikisa kichwa.

“Kaka, wewe hujapasuliwa. Umechomwa bambo la wakaguzi kama gunia la mahindi mpakani. Wameona mzigo uko sawa, wakakuachia.”

Boazi alicheka huku amejishika tumbo.

Ulikuwa msimu wa mavuno, na kahawa yake ilikuwa imeiva. Tangu arithi shamba, hakuwahi kumwachia mtu mwingine kazi ya kumenya na kuosha. Kila siku aliutazama mfuko. Mwanzoni maji yake yalikuwa mekundu. Baadaye yalifanana na chai ya rangi. Asubuhi moja yalikuwa meupe kabisa.

“Mama Gwantwa, njoo uone! Maji yametakata.”

Atuganile alikuja, akaona, akafurahi. Hezron naye alifurahi. Wote watatu walikuwa wamekulia kwenye kahawa. Walijua kwamba kahawa iliyomenywa huoshwa mpaka utelezi uishe, na kwamba maji yakishakuwa meupe, kazi imekwisha. Hapo huanikwa kichanjani. Anayeendelea kuosha anapoteza maji.

“Tumbo limeshaosheka,” alisema Boazi. “Mrija unaosha nini tena? Niletee maji ya moto na pamba. Nautoa, kesho niko shambani.”

Hakuna aliyempinga. Atuganile alileta vitu hivyo, na Boazi akaanza kubandua plasta. Chini ya plasta ngozi ilikuwa nyekundu, imelowa, na kandokando ya mrija imechubuka.

Atuganile aliushika mkono wa mumewe.

“Subiri, Baba Gwantwa. Kinachochubua mikono ni utelezi. Maji yakishatakata hayachubui mtu. Haya ni maji gani?”

“Ni plasta tu hiyo.”

“Plasta nayo inalowesha ngozi hivi? Shemeji, mpigie daktari.”

Hezron alituma picha, kisha akapiga simu. Daktari Jenista alianza na swali.

“Nani ameugusa mrija?”

“Bado hajaugusa mtu, daktari,” alijibu Atuganile.

“Asiuguse. Maji meupe ndiyo ninayoyaogopa. Kongosho hutengeneza maji ya kuyeyusha chakula. Inaelekea tulipokata panavuja, na mrija unayatoa nje. Ukiung’oa, yatabaki ndani na kuyeyusha nyama ya mgonjwa mwenyewe.”

“Kwa hiyo roboti imekosea?” aliuliza Hezron.

“Hata ningemfungua tumbo zima, pangeweza kuvuja. Kongosho halipendi kushonwa. Mara nyingi hujiziba lenyewe, lakini linataka muda. Mpelekeni hospitali ya hapo sasa hivi, wayapime hayo maji. Nitaongea nao.”

Boazi aliinama kuelekea kwenye simu.

“Na kahawa yangu, daktari?”

“Mzee, kahawa ina watu wengine wa kuiosha.”

Atuganile alikuwa ameanza kuirudisha plasta, na Boazi hakumzuia. Hatimaye alimgeukia mdogo wake.

“Utakwenda wewe.”

“Mimi? Si ulisema ninaosha kahawa kama mtu anayeosha viatu?”

“Na bado nasema hivyo. Nenda.”

Vipimo vilionyesha kuwa kongosho lilikuwa linavuja. Mrija ulikaa ubavuni mwa Boazi mpaka kahawa ya mwisho ilipoanuliwa, na katika muda wote huo alimpigia Hezron simu shambani kila asubuhi kumuuliza maji yana rangi gani.