Breki Zilizoisha Kabla ya Wakati

Bi Nati alikuwa fundi wa ndege ndogo, na kwa miaka minne ya mwisho alikuwa fundi pekee aliyebaki kwenye kiwanja kile. Wenzake walistaafu mmoja mmoja, wengine wakafuata mishahara minono kwenye viwanja vikubwa. Yeye akabaki na banda la mabati, kabati la spana na redio iliyokamata stesheni moja tu, nayo kwa kubembelezwa. Watoto wake walikuwa na miji yao. Walipiga simu siku walipokumbuka. Basi akazoea kuongea na injini.

"Afadhali wewe," angeiambia huku akifungua plagi. "Ukiumwa unasema."

Mteja wake wa siku nyingi alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kupima ardhi. Watu walimwita Mpimaji. Alikuwa na kindege cheupe cha viti viwili, na miaka yote alikirusha akiwa na mkewe kiti cha kulia, mama mcheshi aliyependa kumtania Bi Nati: "Ukibakiza nati moja mfukoni, mimi ndiye nitakayedondoka!" Mama yule alifariki. Bi Nati alikwenda kuzika, akatoa pole, akarudi bandani.

Mwezi wa tano baada ya msiba, Mpimaji alileta ndege kutoka maegesho yake ng'ambo ya kiwanja kwa ukaguzi wa mwaka. Bi Nati aliiinua kwa jeki, akavua magurudumu, akaduwaa. Pedi za breki alizozifunga mwenyewe miezi mitatu nyuma zilikuwa zimelika mpaka chuma. Sahani za breki zilikuwa zimechimbika mistari, na tairi zilikuwa na upara kama kichwa cha mzee. Akapanda kuangalia saa ya safari, ile inayohesabu pale tu ndege inapokuwa angani. Tangu siku alipofunga pedi zile, haikuwa imesogea hata dakika moja.

Mpimaji alipokuja kesho yake, fundi alikuwa bado anakuna kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bi Nati. Mgonjwa wangu anasemaje?"

"Anasema amechoka kukanyagwa breki. Nani anaendesha ndege hii?"

"Ni mimi tu." Mzee akatazama pembeni. "Labda pedi ulizofunga zilikuwa feki."

Neno lile lilimchoma. "Mzee, tangu nishike spana sijafunga kitu feki. Labda uniambie sasa nimeanza kuzeeka."

Mpimaji alivaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Bi Nati alifanya kazi siku tatu, roho inamuuma. Alifunga pedi mpya, sahani mpya, tairi mpya. Akasukuma mafuta ya breki mpaka povu la mwisho likatoka kwenye mrija. Alipomaliza alifungua tena, akakagua upya, kana kwamba kuna mtu nyuma yake anamcheka.

Jioni moja, wiki hiyo hiyo aliyomkabidhi mzee ndege, alichelewa kufunga banda, akasikia injini. Akatoka mlangoni anafuta mikono. Kindege cheupe kilikuwa kinakimbia kwenye njia ya kurukia, kasi inapanda, pua inaanza kuwa nyepesi. Ghafla nguvu ya injini ikapunguzwa, breki zikalia. Kikageuka, kikarudi mwanzo, kikaanza tena. Bi Nati alihesabu mara saba. Mara ya nane aliacha kitambaa pale pale, akakatiza majani, akaenda kusimama mwanzo wa njia, mzee amwone.

Mpimaji alizima injini. Akafungua mlango, asishuke.

"Pedi zako hazikuwa feki," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

"Nini kinakusibu, mzee?"

"Mama watoto alikuwa ananisomea mwendo. Hamsini, hamsini na tano, sitini. Halafu anasema, 'Haya baba, inua.' Miaka thelathini. Sasa nikifika pale mkono unakataa. Nasubiri aseme."

Bi Nati alizunguka upande wa pili, akapanda kiti cha kulia, akafunga mkanda. "Nitakusomea mimi."

Wakaondoka. Majani yakawa mstari mmoja wa kijani. "Hamsini," alisema, akipaza sauti juu ya injini. "Hamsini na tano. Sitini. Haya mzee, inua!"

Mkono ulibaki juu ya usukani, haukuvuta. Mzee akapunguza nguvu ya injini, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na wakasimama hatua chache tu kutoka mwisho wa lami.

"Umesoma vizuri," alisema Mpimaji. "Ila si sauti yake."

Bi Nati akasema neno alilokuwa nalo. "Mzee, mimi nasaini kwamba ndege ni nzima. Hiki unachofanya siwezi kukisainia. Iko siku hutasimama."

"Najua." Akachomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha fundi.

Mwezi uliofuata ndege ilinunuliwa na daktari wa mifugo, mwanamke mwenye haraka, anayehudumia wafugaji wa mbali. Aliirusha mara ya kwanza bila kusitasita. Bi Nati aliitazama mpaka ikawa kama nzi, kisha ikawa si kitu. Mpimaji hakuja kuiaga. Bandani, ilipokuwa ikingoja mnunuzi, palibaki nafasi wazi, na fundi akajikuta anaizunguka anapopita, asikatize katikati.

Siku moja simu ililia. Alidhani ni mwanawe.

"Bi Nati," ilikuwa sauti ya Mpimaji. "Upepo ukoje huko?"

Alitoka nje, akatazama mfuko wa upepo juu ya mlingoti. "Unatoka mashariki, mzee. Mdogo tu."

"Na mawingu?"

"Machache. Yako juu sana."

"Basi ni siku nzuri."

"Nzuri sana."

Bi Nati alisikia mzee akipumua, na mahali fulani nyumbani kwake bomba likidondosha maji. Alibaki amesimama juani, simu sikioni, wala hakuna aliyekata.