Nzuri Tu, Daktari

Evodius alirudi kutoka jeshi la Marekani na mgongo ulioharibika, ila adabu ya kwao Muleba ilirudi nzima. Ukimuuliza hali atakujibu "nzuri tu", hata kama paa la nyumba yake limeezuliwa na upepo asubuhi ile ile. Mabaya huja baadaye, taratibu, nyuma ya neno "ila". Sasa madaktari wa serikali huko Minneapolis wana haraka zao, hawajui kuisubiri "ila". Kila walipompima walimuuliza hali, akajibu nzuri, wakaandika nzuri, akaaga.

Matokeo yake ulemavu wake ulithibitishwa kuwa asilimia sitini, na kaunti humpunguzia kodi ya majengo askari mstaafu mwenye ulemavu wa kuanzia sabini. Bila punguzo hilo wangelazimika kuiuza nyumba yao ya Anoka, nje kidogo ya jiji. Doris, mkewe, alidai mumewe apimwe upya, kisha wiki nzima akamfanyisha mazoezi mezani. Mgongo unaendeleaje? Mume anajibu, "Nzuri kidogo." Doris alitamani kumchapa mwiko.

Siku yenyewe Evodius alivaa suti na kuiacha fimbo yake ya kutembelea garini, maana kwao mtu haendi mbele ya serikali akichechemea. Daktari, mama wa makamo, akamuuliza hali. Nzuri. Na maumivu? Ya kawaida tu. Doris akakohoa mpaka akaletewa maji.

Ndipo daktari akamwambia ainame kadiri awezavyo. Aliyezoea amri za jeshi hajiulizi mara mbili. Evodius akainama kama aliyeona sindano sakafuni, na hapo hapo akanasa. Kilichoendelea kutikisika ni tai peke yake.

"Na sasa unajisikiaje?" daktari akauliza kwa wasiwasi.

"Nzuri tu, daktari," Evodius akaijibu sakafu. "Ila..."

Doris akamshika daktari mkono. "Usimguse kwanza," akamwambia. "Ndiyo anaanza."

Akaanza kweli. Kwamba soksi huvalishwa na mkewe. Kwamba usiku hulala amekaa kwenye kochi, huku akimdanganya Doris kuwa anaangalia mpira. Kwamba binti yao ameshaacha kumwomba ambebe, na hilo linamuuma kuliko mgongo. Hayo mawili ya mwisho Doris hakuwa akiyajua. Yeye aliyekuwa anajizuia kucheka akajikuta analia.

Daktari aliandika, akageuza karatasi, akaandika tena, kisha akamwita muuguzi aje wamnyanyue mgonjwa.

"Subirini kidogo," Evodius akasema kutoka kule chini. "Bado sijamaliza."